Kisa cha UNAZA: vile fakulte za Kinshasa zililetwa Lubumbashi kwa amri moja, mwaka 1971

Watu wengi wa hapa Lubumbashi, hata wale wamesoma kwenye kampisi ya Kasapa, wanadhani UNILU (Université de Lubumbashi) ilikuwaka hivi tangu kuzaliwa, na lettres yake (luga na fasihi) na sciences sociales yake (sosholojia, siasa) na polytechnique yake. Haikuwa hivyo. Kuna mwaka mmoja ulivunja ile iniversite na kuipa umbo lingine kabisa, ni mwaka wa 1971, na mi nataka tuchambue hiki kisa kwa urefu juu naona kinatajwaka kwa sentensi moja tu, "ah, ile wakati ya UNAZA", halafu watu wanapita, wakati mambo mengi yanayotuumiza mu vyuo vya serikali leo, na mengine ambayo tunajivunia pia, mizizi yake iko pale.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwezi wa 8 mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilichukua iniversite tatu zilizokuwa mu inchi, moja ya Wakatoliki mu Kinshasa, moja ya Waprotestanti mu Kisangani, moja ya serikali mu Lubumbashi, ikazifanya kitu kimoja ambacho kitajulikana kwa jina la Université Nationale du Zaïre, UNAZA, halafu ikagawa fakulte kati ya ile miji mitatu. Sheria huku, falsafa kule, kilimo pale. Mtu alikuwa anasoma historia mu Kinshasa mwaka wa pili, mwaka wa tatu anajikuta Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1500 kwa ndege, na kwa mwenye hana pesa ya ndege ni boti ya Kasai mpaka Ilebo kisha gari moshi, siku na siku. Na mtu wa Lubumbashi alikuwa anasoma udaktari hapa nyumbani, anaambiwa afunge mizigo aende Kinshasa.

Sasa, ili kuelewa namna serikali ilifika pale lazima turudi nyuma kidogo.

Lovanium, ile iniversite ya Wakatoliki, ilifunguliwa 1954 juu ya kilima mu Léopoldville (njo Kinshasa ya leo), ni mtoto wa iniversite ya Kikatoliki ya Louvain kule Ubelgiji. Rektera wake Mgr Luc Gillon alikuwa padri na pia mtu wa fizikia ya nyuklia, na mwaka 1959 Lovanium ikawasha rieaktere ya utafiti, ya kwanza mu Afrika. Lakini miaka ileile mu Ubelgiji kulikuwa ugomvi mkali juu ya masomo, kati ya wale wanataka shule za kanisa na wale wanataka shule za serikali, na waziri wa makoloni kuanzia 1954 alikuwa Auguste Buisseret, mliberali, mtu ambaye hakutaka masomo yote ya Kongo yabaki mikononi mwa mapadri na masista. Njo vile Élisabethville (njo Lubumbashi ya leo) ilipata iniversite yake: dekre (amri ya serikali) ilitoka 1955, masomo yakaanza 1956, na jina lilikuwa refu, Université Officielle du Congo belge et du Ruanda-Urundi. Mji wa shaba, mji wa kampani ya madini Union Minière, mji wenye Wazungu wengi, na mu ile miaka ya kwanza wanafunzi wengi walikuwa Wazungu pia, Waafrika walikuwa wachache sana.

Kwa hiyo toka siku ya kwanza iniversite yetu ilibeba ugomvi wa watu wengine, waliberali na wakatoliki wa Brussels. Hii tusiisahau juu itarudi.

Kisha uhuru, 30 Juni 1960, na siku 11 tu baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe anatangaza Katanga imejitenga. Iniversite ikabadilishwa jina, ikawa Université de l'État à Élisabethville, yaani serikali ya Katanga nayo ilitaka iwe yake. Januari 1963 kujitenga kukaisha, iniversite ikarudi kwa Kongo na jina la Université Officielle du Congo. Mwaka huohuo wa 1963 Waprotestanti wakafungua yao mu Stanleyville (njo Kisangani ya leo), Université Libre du Congo. Njo zile tatu ambazo Mobutu alizikuta akichukua madaraka mu Novemba 1965.

Na alikuta pia wanafunzi wenye kichwa ngumu. Walikuwa na chama chao cha inchi nzima, UGEC, kilianzishwa 1961, na hakikuwa chama cha kucheza dansi, walikuwa wanajadili siasa ya inchi, uchumi, nani anafundisha nini na kwa faida ya nani. Mwaka 1968 UGEC ikakatazwa, ikabaki JMPR tu, vijana wa chama kimoja. Lakini kukataza chama hakuzimi kilicho mu kichwa cha mtu. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walishuka kwenye barabara za Kinshasa, walikuwa wanalalamikia bursi ndogo na maisha mabaya mu homu (nyumba za kulala wanafunzi) na walitaka wawe na sauti mu uongozi wa iniversite. Jeshi likapiga risasi. Serikali ilitangaza wafu wachache, watu wa Kinshasa walihesabu wengi zaidi, na maiti nyingi familia hazikupewa zizike.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Juni 1971, wanafunzi walifanya ukumbusho wa wenzao waliouawa. Mama yake Mobutu, Mama Yemo, alikuwa amefariki muda mfupi tu kabla, inchi ilikuwa kwenye kilio cha lazima, na ule ukumbusho Mobutu aliuchukua kama tusi juu ya mama yake. Lovanium ikafungwa, na wanafunzi wote, karibu elfu mbili, wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Fikiria wewe uko mwaka wa nne wa sheria, unajitayarisha kuwa wakili, asubuhi unavalishwa uniforme na unafundishwa kupiga saluti.

Hapo njo UNAZA ilizaliwa, wiki chache tu baada ya hayo. Ukisoma dekre peke yake utaona maneno mazuri, kuungana, kupunguza gharama, kuweka masomo kwa faida ya taifa. Ukiweka dekre kando ya kalenda unaona kitu kingine: kampisi moja iliyokuwa inasumbua serikali ilivunjwa vipande, na zile fakulte ambazo wanafunzi wake wanasemaka sana, sosholojia, siasa, historia, falsafa, lettres, zikapelekwa mbali kabisa na ikulu. Kwangu mi hiyo siyo bahati mbaya ya ugawaji. Kinshasa ilibaki na sheria, uchumi, udaktari, fizikia (rieaktere huwezi kuibeba mu gari moshi), na teolojia ambayo yenyewe itatolewa UNAZA 1974. Kisangani ikapata pedagojia, saikolojia na kilimo. Lubumbashi ikapata lettres na sciences sociales, ikabakia na jiolojia na mambo ya madini, jambo ambalo hata mtoto angelielewa juu mgodi uko hapa. Na ikapoteza sheria na udaktari.

Lakini mi sitaki kuandika hiki kisa kana kwamba ni Mobutu peke yake alikaa kwenye kiti akatunga kila kitu, hapana, huo ni uvivu. Kabla ya dekre, maprofesa Wakongo wenyewe walikutana N'Sele, mu shamba la rais nje ya Kinshasa, na wengi wao walikuwa wanataka mabadiliko kwa moyo wote. Walikuwa vijana, wengine hawajafika miaka 35, wametoka kuchukua doktora Louvain au Paris, wanarudi wanakuta Mbelgiji njo dekani, Mbelgiji njo anaamua programu, na Lovanium ambayo iko mu Afrika inaongozwa kwa macho ya Louvain. Iniversite ya taifa kwao ilikuwa mlango. Kulikuwa pia sababu ya pesa ambayo ni ya kweli, juu inchi moja kuwa na fakulte tatu za kitu kimoja, kila moja na wanafunzi wachache na maprofesa wa kigeni wa bei kali, haikuwa akili. Na kulikuwa Kanisa: Mobutu na Kardinali Malula walikuwa wameanza kupishana, mwaka uliofuata Malula atakimbilia Roma, na Lovanium kama mali ya Kanisa ilikuwa nguvu ambayo serikali haikuitaka nje ya mkono wake.

Kwa hiyo sababu tatu zilikutana, hamu ya wasomi ya kujitawala, hesabu ya pesa, na hofu ya rais. Shida ni kwamba kati ya hizo tatu ni hofu ya rais tu iliyokuwa na kalamu ya kutia sahihi. Wasomi waliomba iniversite iwe ya Wakongo na wakapewa iniversite ya rais, na mpaka leo naona wengi wetu tunachanganya hivyo vitu viwili.

Rektera mmoja kwa inchi nzima akawa Mgr Tharcisse Tshibangu, aliyekuwa rektera wa Lovanium tangu 1967, mwanateolojia, askofu msaidizi wa Kinshasa. Akabaki pale mpaka 1981, miaka kumi. Kiti chake kiko Kinshasa. Kila kampisi ilikuwa na kiongozi wake chini yake, na kila jambo kubwa, kutaja mtu kwenye kazi, pesa, kupandisha cheo, lilipita Kinshasa. Ukumbuke simu ya wakati ule na posta ya wakati ule.

Sasa tufike kwa sehemu ambayo mi naipenda zaidi, na ambayo watu wa mji huu wengi hawaijui, na inanihuzunisha kwamba hawaijui.

Ile amri iliyotoka kwa hofu ilifanya Lubumbashi kuwa, kwa miaka karibu minane, mahali pa moto kabisa pa fikra mu Afrika ya kati. Fikiria tu watu waliokuwa wanapita kwenye yale maofisi ya barabara ya Kasapa. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alikuwa dekani wa lettres, anafundisha, anaandika mashairi na riwaya, na pale njo alikuwa anapika yale maswali juu ya namna Ulaya ilitengeneza picha ya Afrika ambayo baadaye yatasomwa dunia nzima. Georges Ngal alikuwa pale na fasihi yake. Mwanahistoria Jean-Luc Vellut alifundisha pale. Bogumil Jewsiewicki, Mpolandi, alikuwa anakusanya historia ya uchumi wa kijiji na picha za wachoraji wa mitaa. Crawford Young kutoka Marekani, mtu wa siasa, alikuwa dekani wa sciences sociales 1973 mpaka 1975. Kulikuwa kituo cha utafiti CELTA kwa ajili ya luga, walikuwa wanachunguza luga za inchi na namna ya kuzifundisha, kulikuwa CERDAC kwa ajili ya historia na dokimanti.

Na Johannes Fabian, Mjerumani, aliyefundisha hapa kuanzia 1972 mpaka 1974. Huyu nataka nimkalie kidogo. Fabian alijifunza Kiswahili chetu, siyo kile cha Zanzibar, hiki cha hapa, cha kambi za wafanyakazi, cha mitaa ya mji huu, Kenya na Katuba na Kamalondo, na akakifanya kiwe kitu cha utafiti wa heshima wakati hata walimu wengi wa hapa walikuwa wanakionea haya na kusema ni Kiswahili kilichoharibika. Alichunguza namna wafanyakazi wa mgodi wanaongea juu ya kazi. Na alikutana na mchoraji wa mtaa, Tshibumba Kanda Matulu, mtu hakusoma kalasi kubwa, anachora juu ya magunia ya unga, anauza nyumba kwa nyumba. Tshibumba alimchorea historia yote ya inchi, picha zaidi ya 100, kuanzia mababu mpaka Mobutu, na kila picha anaieleza kwa Kiswahili, Fabian anarekodi kwenye kaseti. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Sasa ona: pale kwenye fakulte kuna maprofesa wenye doktora wanajadili nani ana haki ya kuandika historia ya Afrika, na kilometa chache tu mtu wa mtaa anaiandika kwa brashi, na mtu kutoka fakulte ile anakwenda kumsikiliza. Mu vyuo vingapi hiyo inatokeaka?

Kwa nini ilitokea hapa na si Kinshasa? Mi naona kwanza kuna kukusanyika tu. Lovanium na Élisabethville kila moja ilikuwa na idara ndogo ya historia, idara ndogo ya luga, idara ndogo ya sosholojia, wakati wa UNAZA wote wakawekwa kwenye mtaa mmoja, wanakutana kwa chakula, wanagombana, wanasomana. Ukiweka watu wenye akili pamoja na ukawapa wanafunzi, kitu kitazaliwa. Tena mji wenyewe ni hazina: kambi za Union Minière, ambayo tangu 1967 ilikuwa imetaifishwa na kisha ikaitwa Gécamines, karatasi za kampani, wazee waliokuja kutoka Rhodesia na Kasai na Ruanda kufanya kazi, reli, makanisa. Mtu wa sosholojia hakuhitaji kusafiri, anavuka barabara tu. Halafu kuna umbali, na hapa njo penye uchungu wa kisa chote: serikali ilipeleka wale watu mbali ili wasisikike mu Kinshasa, na umbali uleule ukawapa nafasi ya kufikiri kidogo. Hawakuwa huru, lakini jicho lilikuwa mbali kiasi.

Wanafunzi nao walileta kitu. Walitoka kila pembe ya inchi, juu mtu wa Équateur anayetaka lettres hana njia nyingine isipokuwa kuja hapa, na UNAZA ilikuwa na kota za mikoa, kila mkoa na sehemu yake. Lingala ikaingia kampisi pamoja na vijana wa Kinshasa, wakafika mwezi wa 6 na wa 7 wakakuta baridi ya huku ambayo hawakuijua. Wengi walikuja wamekasirika. Wengi pia walioa hapa na wakabaki, na leo kuna familia mu Lubumbashi ambazo bila ile dekre ya 1971 hazingekuwepo.

Sasa bei yake.

UNAZA ilikuwa chombo cha chama. JMPR njo ilikuwa kitu pekee kinachoruhusiwa cha wanafunzi, mkubwa wa iniversite alikuwa pia mkubwa wa chama pale kwenye kampisi, na kati ya wanafunzi kulikuwa wale wanaolipwa kusikiliza wenzao na kupeleka habari. Mtu analala chumba kimoja na wenzake na hajui nani kati yao anaandika rapoti. Ile sumu ilikaa ndani miaka 19 kabla ya kulipuka, tutaifikia.

Na pesa. UNAZA ilizaliwa wakati shaba iko juu, serikali ilidhani pesa haitaisha. Mwishoni mwa 1973 Mobutu akatangaza zaïrianisation, maduka na mashamba ya wageni yakagawiwa watu wa karibu, mengi yakafa. Bei ya shaba ikaanguka kuanzia 1974. Agosti 1975 reli ya Benguela ikafungwa na vita ya Angola, na ile reli njo ilikuwa njia fupi ya shaba yetu kwenda baharini. Kisha vita mbili za Shaba (njo jina la Katanga wakati ule), Machi 1977 na Mei 1978, Kolwezi ikajaa maiti, wageni wakaogopa. Iniversite ambayo kila falanga yake inatoka Kinshasa, na Kinshasa inategemea shaba, ilipigwa mara mbili. Mishahara ikawa kitu cha kucheka, vitabu vipya vikaacha kuja, maprofesa wa kigeni wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Jewsiewicki akaenda Kanada. Na karibu na 1980 Mudimbe alitajwa kwenye komite santrale ya MPR, chama cha Mobutu, yaani aingie kabisa mu mdomo wa mamba, akachagua kuondoka, akaenda Marekani na maisha yake ya kazi yakabaki kule.

Kuondoka kwa Mudimbe mi naona kunaeleza kisa kizuri kuliko rapoti yoyote. Alikuwa mtoto wa hapa, amesoma, amerudi, amejenga fakulte, na serikali ileile iliyounda ile fakulte ikamwekea mkono begani na kumwambia sasa wewe ni wetu. Hakuna sheria, hakuna baraza la maprofesa, hakuna kitu chochote katikati yake na rais kingeweza kusema acheni huyu afundishe. Iniversite za dunia ambazo zimedumu zilikuwa na kitu katikati, iwe ardhi yake, pesa yake, ama senate yenye meno. UNAZA ilikuwa imeondoa vyote hivyo kwa makusudi tangu siku ya kwanza, Kanisa nje, Wabelgiji nje, chama cha wanafunzi nje, na nafasi yao hakuwekwa chochote.

Oktoba 1981 UNAZA ikavunjwa. Zikarudi iniversite tatu, na hapa kwetu njo jina la UNILU lilipoanza. Rasmi kila moja ilijitegemea, na polepole fakulte zilizohamishwa zikaanza kufunguliwa tena, Lubumbashi ikarudia kuwa na sheria na udaktari. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini zile idara zilizokuwa zimekusanyika zikatawanyika tena bila pesa ya kujenga mbili mahali pa moja. Mu miaka ileile inchi ilikuwa chini ya masharti ya wakopeshaji, na masomo njo yalikatwa kwanza. Wanafunzi wakazidi mu homu zilizojengwa kwa watu wachache.

Tufike 1990. Tarehe 24 Aprili Mobutu anatangaza mwisho wa chama kimoja. Wanafunzi wa Lubumbashi, kama wa inchi nzima, waliamini. Wakaanza kusema kwa sauti, wakafanya maandamano, na mwezi wa 5 wakakamata baadhi ya wenzao waliowashuku kuwa wapelelezi wa serikali na kuwapiga. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei umeme wa kampisi ulikatwa na watu wenye silaha wakaingia ndani ya homu. Serikali ilikubali maiti moja. Mashirika na wanafunzi waliookoka walitaja makumi, wengine mamia, na hesabu haijawahi kukubaliwa na pande zote mpaka leo. Ubelgiji iliomba uchunguzi wa kimataifa, Mobutu akakataa, ushirikiano ukakatwa, walimu na mafundi Wabelgiji wakaondoka, na inchi ikaanza kuachwa peke yake hata kabla ya uporaji wa 1991. Gavana wa Shaba wa wakati ule alihukumiwa kifungo, lakini kuhukumu gavana hakujawahi kujibu swali la nani alitoa amri.

Mi naiweka 1990 ndani ya kisa hiki hiki kwa sababu ni waya mmoja. 1969 serikali iliua wanafunzi mu Kinshasa. 1971 ikawatawanya na kuweka wapelelezi kati yao. 1990 wale wapelelezi njo walikuwa cheche. Mtu anayeeleza Mei 1990 kama ugomvi wa makabila wa wanafunzi, na wengi walijaribu kuieleza hivyo, anafunika miaka 21 ya siasa.

Kisha ikaja miaka ambayo wengi wetu tunaikumbuka ama tulisikia nyumbani: 1992 na 1993 Wakasai wanafukuzwa Likasi na Kolwezi, na iniversite ikapoteza watu kwenye ile, vita ya 1996, vita ya 1998, mishahara ya maprofesa inayolipwa kwa michango ya wazazi. Sitakaa sana hapa, hiyo ni kisa kingine kirefu.

Kitu nataka kumalizia nacho ni swali ambalo wanafunzi wa historia wananiulizaka: ile miaka ya moto ya UNAZA ingeweza kudumu? Jibu langu ni hapana, si kwa namna ile. Watu waliletwa kwa karatasi na wangeweza kuondolewa kwa karatasi, na karatasi ilikuwa Kinshasa. Hata leo, rektera wa iniversite ya serikali hachaguliwi na maprofesa wake, anatajwa kutoka juu, na kila mabadiliko ya serikali watu wa kampisi wanangoja kusoma nani amebaki na nani ameondoka. Hiyo ni UNAZA bado, jina tu njo limeenda. Ukiangalia Goma na Bukavu ni vilevile: UNIGOM na UOB zilianza kama matawi ya Kisangani mu miaka ya 90, zikapata kujitegemea 2004, lakini njia ya kutaja wakubwa ni ileile.

Lakini hapa Lubumbashi kuna kazi ambazo hazikuletwa na dekre yoyote na mi naona njo watoto wa kweli wa ile miaka ya 70. Mwaka 2000 wanahistoria wa UNILU, Donatien Dibwe dia Mwembu pamoja na Jewsiewicki aliyeshirikiana nao kutoka Kanada, walianzisha Mémoires de Lubumbashi: wakaenda nyumba kwa nyumba kuwasikiliza wafanyakazi wa zamani wa Gécamines, wake zao, watoto wao, wakaomba vyombo vya nyumbani, picha, nguo za kazi, wakavionyesha kwenye makumbusho ya mji na watu wa Kenya na Katuba wakaja kujiangalia. Dibwe amefanya kazi hiyo kwa miaka na miaka, kwa Kiswahili cha hapa. Wenzao wa udaktari, kundi la Banza Lubaba Nkulu pamoja na iniversite ya Leuven, wakachukua mkojo na damu ya watu wanaokaa karibu na migodi na kuonyesha kiasi cha kobalti kilichomo, mpaka kwa watoto wa Kasulo kule Kolwezi, na matokeo yao yanahusu pia kampani za magari ya umeme zinazotaka kujua kobalti yao inatoka wapi. Hakuna waziri aliyewaagiza. Waliuliza swali juu liko mlangoni kwao.